Mzee Nyavu, Refa Aliyejishtaki Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na watu wote wa mpira mliokuja kumsindikiza, huyu tunayemzika leo wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Mzee Nyavu. Maisha yake yameandikwa na dada yake mkubwa, na yanasomwa na mjukuu wake wa kwanza.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1938, alfajiri, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama mshona nguo. Dada yake, aliyekuwa na miaka sita, alitumwa kumwita mkunga. Alikimbia peku, na waliporudi mtoto alikuwa ameshatoka, kelele zake zinasikika mpaka barabarani. Mkunga akasema, "Huyu hakulia, huyu amepuliza filimbi."

Alianza darasa la kwanza Januari 1946, akamaliza la nane Desemba 1953. Tuseme kweli, kucheza mpira hakujua. Mguu wa kulia ulikuwa hausemezani na wa kushoto. Lakini wenzake walipogombana juu ya mpira wa matambara, walimfuata yeye awaamulie, maana hakuona haya kumwambia hata rafiki yake, "Umeshika, usinitolee macho." Siku moja alimtoa nje dada yake mwenyewe, aliyekuwa ameazimwa kuwa golikipa kwa ajili ya urefu wake. Kosa lake? Aliukalia mpira. Dada yake alimnunia wiki nzima, na marehemu wala hakujali.

Februari 1955 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kazi ya kupanga herufi. Alisimama mbele ya sanduku la herufi za risasi, akizichomoa moja moja na kuzipanga kinyumenyume, vidole vyeusi kwa wino. Alidumu hapo miaka thelathini na minane, mpaka alipostaafu mwaka 1993. Kuchezesha mpira alianza 1957. Sare yake ya kwanza mama aliishona kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika mbavu. Ilikuwa nyeusi tii, na mvua ilipomnyeshea maji yaliteleza kama kwenye mgongo wa bata. Mwaka 1961 alikuwa mmoja wa watu watano walioanzisha chama cha mpira cha mji wetu. Wakamchagua katibu, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na karatasi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kiwanda: meza, mhuri, kabati lisilofungika, na viti viwili, cha katibu na cha mgeni.

Sasa ni lazima isimuliwe habari ya wavu, maana bila hiyo mtakuwa mmemzika mtu mwingine.

Mwaka 1964 marehemu alikuwa amemchumbia binti mmoja muuguzi wa zahanati. Baba wa binti alikuwa stesheni masta, na tena mwenyekiti wa timu ya Reli. Jumamosi, tarehe 17 Oktoba, Reli walicheza fainali na timu ya Posta. Marefa wa kuaminika mjini walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa ameteguka mguu, kwa hiyo filimbi ikawa ya marehemu. Dakika ya sabini na nane winga wa Reli alifumua shuti. Marehemu akauona mpira umetulia wavuni, akapuliza: goli! Golikipa wa Posta akamjia mbio, mikono kichwani.

"Refa, umepita ubavuni! Umeingilia pembeni, naapa!"

"Weka mpira kati," marehemu akamjibu.

Reli wakachukua kombe, moja bila. Stesheni masta akamkumbatia mbele ya kadamnasi. "Mkwe wangu! Una macho ya tai wewe!"

Watu walipotawanyika, marehemu alirudi golini. Akasukuma ngumi kwenye wavu wa pembeni, ikapita. Akaingiza kichwa, kikapita, na masikio yote mawili. Dada yake, aliyekuja kuchukua sare akaifue, alimkuta hivyo hivyo, kichwa ndani, mwili nje.

"Toa kichwa, watu watakuona."

"Dada, lile halikuwa goli."

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Na mimi. Wawili tunatosha. Nyamaza! Ukifungua mdomo, binti wa watu umemkosa."

"Najua," akasema. Kisha akaanza kutoa kichwa, polepole, sikio moja baada ya jingine.

Kanuni ya chama ilitaka kila lalamiko liandikwe kwa katibu. Jumatatu asubuhi marehemu akaketi kwenye kiti cha mgeni, akaandika: "Kwa Katibu. Mimi, refa wa fainali, nimetoa goli lisilo goli. Mpira ulipita kwenye tundu la wavu ambao sikuukagua." Akatia sahihi. Akahamia kiti cha katibu, akaisoma barua mara mbili, akaigonga mhuri wa kupokelewa. Halafu akajibu: "Kwa Refa. Unaitwa mbele ya kamati Jumatano, saa kumi kamili. Usichelewe."

Hakuchelewa. Mbele ya kamati alisimama kama katibu akasoma mashtaka, kisha akazunguka meza ili ayajibu.

"Refa, una la kujitetea?" mwenyekiti wa kamati akamuuliza.

"Sina, mzee."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Lakini hukumu ilitoka: marehemu asichezeshe miezi mitatu, na mechi irudiwe. Stesheni masta yeye hakucheka. Alimngojea mlangoni.

"Kijana, umeninyang'anya kombe mkononi. Kwangu usikanyage tena. Na binti yangu usimwandikie, maana naona kwa barua hujambo."

Mechi ilirudiwa Jumamosi, tarehe 7 Novemba. Asubuhi ile marehemu alikuwa golini peke yake, akihangaika na kamba kuziba tundu. Binti wa stesheni masta akatokea na sare yake nyeupe ya zahanati, akasimama akamtazama.

"Hapo unashona au unafunga mzigo? Sogea!"

Akatoa sindano nene, akashona mshono wa hospitali, fundo moja moja, kama anayeshona mtu. Baba yake, aliyekuja mapema kukagua uwanja, aliyaona yote. Alikohoa, akaenda zake. Jioni, filimbi ikiwa ya yule refa mwingine, mguu umepona, Reli walifungwa mbili moja, magoli safi, hata wao hawakubisha.

Novemba ikapita, Desemba, Januari. Marehemu alipanga herufi zake akakonda, na nyumbani hakuna aliyethubutu kutaja treni. Hata Februari 1965, ligi inakaribia kuanza, ikaja barua ya timu ya Reli: "Kwa Katibu. Mechi yetu ya kwanza tunaomba yule refa anayejishtaki mwenyewe. Akishamaliza, apite nyumbani kwa mwenyekiti, kuna maneno yake."

Alipita, bado ana filimbi shingoni. Stesheni masta akamwambia, "Nimekaa nimewaza. Waume wa kupekuliwa mifuko nimewaona wengi. Wewe utajileta mwenyewe. Kaa ule."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1965, bwana harusi akiwa na wino kwenye kucha, wakajaliwa watoto wanne. Tangu siku zile mpaka alipotundika filimbi mwaka 1985, hakuanzisha mechi kabla hajautikisa wavu kwa mkono, magoli yote mawili, pande zote. Uwanja mzima ulipiga kelele, "Nyavu! Nyavu!" naye akanyoosha mkono kusema bado. Aliiandika iwe kanuni ya chama, na marefa aliowafundisha, ambao leo wako hapa wamevaa nyeusi, wanaifuata hadi sasa.

Novemba 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa tarehe 30 Januari 2023, na wauguzi aliwachekesha kwa kuwaonya kwa kidole kila walipochelewesha dawa. Jumatano, tarehe 8 Februari, jioni, walimshushia chandarua. Akatoa mkono akakitikisa, akapapasa taratibu kuzunguka kitanda, mkono ukasimama karibu na mto.

"Muuguzi," akamwita mkewe, kama alivyomwita siku zote, "kuna tundu ubavuni."

Mkewe aliomba sindano na uzi, akavaa miwani, akashona. Fundo moja moja. Marehemu akajaribu kupitisha ngumi. Haikupita.

"Haya, mpira uanze," akasema, akafumba macho. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, alituacha usingizini, akiwa na miaka themanini na minne.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu watatu, na dada mmoja. Huyo dada, aliyemwambia anyamaze siku ile kichwa chake kikiwa wavuni, anajishtaki leo mbele yenu nyote: alikosea, na hana la kujitetea.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Tumetikisa pande zote. Hakuna tundu.