Kuku wa Bibi Kadzo

Jumanne baada ya Pasaka ya mwaka jana nilimpoteza mume wangu, Musyoka. Bwana asifiwe hata hivyo, ndugu zangu! Mimi si msemaji, nitasema tu yaliyonipata.

Musyoka alipakia magunia katika ghala moja Changamwe. Hatukuwa na kitu, lakini mtu aliyetosheka kama yeye sijamwona. Mnajua hapa kwetu Mjambere, Jumapili ya shukrani, asiye na pesa huleta alicho nacho, kinanadiwa nje ya kanisa, na pesa zinaingia kikapuni. Bibi Kadzo, mjane mwenzangu aliyenitangulia, huleta kuku wake mwekundu. Kila mara Musyoka ndiye aliyemnunua, kisha akamrudishia bibi. Watu walimcheka: "Musyoka, kuku huyo sasa anakujua jina!"

Nami nilimwuliza, "Baba Mutua, hata bawa hatuonji?"

Akajibu, "Tukimla, bibi atatoa nini mwezi ujao?"

Huyo ndiye mume niliyemzika.

Tuliporudi kutoka mazishini Mwingi, nikaanza kufua nguo za watu Mkomani. Nilichopata kiliishia kwenye kodi na unga. Kikapu cha sadaka kilipokaribia, nilitoka nje kama mtu anayekwenda kunywa maji. Mwishowe nikaacha kuja kabisa. Nilijiambia, mke wa Musyoka hawezi kukaa mbele za Mungu mikono mitupu. Ndugu zangu, huzuni ilinitoa machozi, lakini aibu ndiyo iliyotaka kunitoa kwa Bwana!

Bibi Kadzo akaja kupiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hatukuoni kanisani?"

"Sina cha kutoa, bibi."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mimi miaka yote natoa kuku mmoja, yule yule, na sioni haya! Wewe waona haya ya nini?" Kisha akachungulia uani. "Na ule mchicha?"

Ulikuwa mchicha wa kando ya bafu, niliokuwa nikiumwagilia maji ya kusuuzia nguo. Jumapili ya shukrani nikaukata, nikafunga fungu moja, nikaja nalo.

Mzee wa kanisa, Baba Neema, akaliinua. "Mchicha huu! Nani anaanza?"

Kimya. Zamani aliyekivunja kimya hicho alikuwa Musyoka. Nadhani kila mtu alimkumbuka, maana hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

"Kuku!" Ilikuwa sauti ya Bibi Kadzo.

"Bibi, tunataja bei."

"Ndiyo bei yangu hiyo. Kuku kwa mchicha."

"Sasa kikapuni nitie kuku?"

"Mtie, kama atakaa!"

Watu wakaangua kicheko, nami nikajikuta nacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Vijana wa kwaya wakachangishana, wakamnunua yule kuku. "Kuku wa bibi ni wetu!" wakaita, vile vile alivyokuwa akiita Musyoka, wakamrudisha mikononi mwa bibi.

Nikangoja bibi naye anirudishie mchicha wangu. Hakurudisha. Aliufunga kwenye kanga yake.

"Huu naenda kuupika," akaniambia. "Kuku akiliwa, amekwisha. Mchicha ukikatwa, huchipua. Utaleta mwingine."

Haleluya! Mjane aliyeweka kuku wake wa pekee mnadani kwa ajili ya majani! Hakunihurumia, ndugu zangu. Alikipokea nilichotoa, akaenda nacho kwake. Nilikuja mtu wa kusaidiwa, nikaondoka mtoaji. Bwana akaivunja ile aibu mchana kweupe, na haijarudi. Kufua bado nafua. Musyoka bado namlilia. Lakini kikapu kikija sitoki tena nje. Kikinipita mkono mtupu, nakaa pale pale, na Mungu hajanifukuza.

Asante, Baba, kwa Musyoka, na kwa bibi huyu aliyeketi pale mbele na kuku wake. Na wewe uliyebaki nyumbani kwa kuwa huna kitu, mwamini Mungu, njoo ulivyo. Chungulia uani kwako kwanza.

Alfajiri ya leo nilikwenda kando ya bafu na kisu. Umechipua. Nimekata fungu jingine, lile pale mezani kwa Baba Neema.