Ngoma Iliyonyamaza Mbele ya Boma: Maisha ya Mzee Modest Masolwa

Marehemu Modest Masolwa alizaliwa Ndala tarehe 15 Juni 1914, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Babu yake alikuwa kirangozi, yule mpagazi anayetangulia msafara wa kwenda pwani akiwa na ngoma. Wapagazi walikuwa na sheria yao: ngoma ikilia, watu wanakwenda, ikinyamaza, mizigo chini, na mbele ya ngoma hapiti mtu, hata awe tajiri mwenye msafara. Ngoma hiyo marehemu aliirithi kabla hajaweza hata kuibeba.

Alisoma shule ya misheni hapo Ndala hadi darasa la nne. Yeye ndiye aliyepiga ngoma ya mapumziko. Siku moja njaa ilimbana akaipiga mapema, shule nzima ikamiminika nje. Mwalimu akauliza nani kaamuru. Akajibu, "Ngoma, Mwalimu."

Mwaka 1936 aliajiriwa reli Tabora. Baadaye alihamishiwa Kaliua, akawa anageuza njia za treni pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, kisha mwaka 1956 akarudishwa Tabora. Alifunga ndoa na Eustadia mwaka 1939. Bibi amezoea kusema aliolewa na wawili, Modest na ngoma yake.

Sasa tunafika tarehe 8 Agosti 1959, siku ambayo hata sisi wa nyumbani hatujaielewa mpaka leo. Wafanyakazi wa reli waliandamana kwenda bomani, kwenye ofisi za serikali ya mkoloni, kudai nyongeza ya mshahara. Marehemu alitangulia na ngoma, na ubavuni mwake alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, Nassibu Shomari, fundi wa karakana. Askari walikuwa wamejipanga barabarani. Marehemu alisogea mpaka akaziona sura zao. Mmoja, kijana tu, mikono ilikuwa inamtetemeka juu ya bunduki. Nyuma, akasikia watu wakiokota kokoto. Akaacha kupiga. Akaiweka ngoma chini, naye akakaa mavumbini.

Wazee wenye asili ya upagazi wakakaa bila kuuliza. Wengine, kwa kuona wazee wamekaa, nao wakakaa.

"Modest, piga!" Nassibu akasema.

"Sipigi."

"Umeishiwa nguvu au umeishiwa moyo?"

"Kaa chini, Nassibu."

"Kama ni kukaa, si ningekaa kwangu nikanywa uji!"

Akaipita ngoma. Wachache wakamfuata. Virungu vikawashukia, na mguu wa Nassibu ukavunjika. Risasi haikulia. Mchana wazee watatu waliitwa ndani, wakasema yao, watu wakarudi nyumbani. Mshahara uliongezwa mwaka uliofuata. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya siku ile, na wapo wanaosema wala.

Je, marehemu aliwaokoa watu, au aliwaangusha? Nassibu alisema wangekwenda wote, askari wasingethubutu. Bibi alisema wangekwenda wote, yeye angekuwa mjane. Mjukuu mmoja alipomwuliza marehemu mwenyewe, alijibu: "Mwenye hasira unaweza kusema naye. Anayetetemeka hakusikii. Hivyo ndivyo ninavyojieleza. Lakini pengine magoti yalitangulia, akili ikafuata. Sijui, mjukuu wangu." Na kweli, nani awezaye kutueleza jambo ambalo halikutokea lingekuwaje?

Alichojua ni kwamba Nassibu hakumsalimia tena. Wakikutana sokoni, Nassibu alivuka barabara na mguu wake mbovu. Hata siku ya Uhuru, mji mzima ukilia ngoma, ya marehemu ilibaki ukutani. Alipostaafu mwaka 1969 akahamia hapa kijiji cha ujamaa, karibu na Isikizya, aliombwa awe anawaita watu shambani kwa ngoma. Akaleta kipande cha chuma cha reli, akasema, "Gongeni hiki."

Mwezi Machi mwaka huu wa 1974 kifua kilimzidi, akalazwa Tabora. Jioni moja ikasikika fimbo mlangoni.

"Hodi! Mwoga yumo?"

"Yumo. Karibu, kichwa kigumu."

Nassibu akaketi kitandani. "Ngoma ningekuwa nayo mimi siku ile, ningepiga mpaka ndani ya boma."

"Ndiyo maana sikukupa."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha marehemu akauliza, "Nassibu, nilikosea?"

Nassibu aliusugua mguu wake kitambo. "Miaka yote hii nilidhani wewe ndiye unayejua."

"Na mimi nilidhani ni wewe."

Kuanzia hapo alikuja kila jioni. Marehemu alifariki tarehe 2 Mei 1974, Nassibu akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Eustadia. Watoto, Dionis, Josepha na Apolinaria. Na wajukuu kumi na mmoja.

Mzee Nassibu ameiomba ngoma, nasi tumeitungua ukutani. Ataipiga kutoka hapa nyumbani hadi kaburini. Tulimwomba atangulie, kama ilivyo desturi ya kirangozi. Amekataa. Atakwenda nyuma ya jeneza, kwani mbele ya Modest, amesema, safari hii hapiti. Ikinyamaza, tunawaomba nyote mkae chini.

Babu ametua mzigo. Apumzike kwa amani.