Mwalimu Isidori na Mstari wa Chaki

Mwalimu Isidori Akonaay anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Amefundisha miaka thelathini na minne, na karibu yote ni hapa hapa shuleni kwetu, Nangwa, somo la Kiswahili, hasa kuandika insha. Ukimkuta mtu wa huku ametuma ujumbe wa simu mrefu na bado una kichwa na miguu, ujue amepita kwake.

Wasifu wake Mwalimu Mkuu Joakimu alishauandika, ukurasa mmoja, safi kabisa, una tarehe zote na vyeti vyote. Mwalimu Isidori akausoma, akasema ni mzuri sana ila huyo mtu hamjui. Akaomba jiko ndilo liandike. Jiko ni mimi, Mama Yohanes, ambaye mnakula makande yangu tangu wengine mkiwa hamjaota meno ya pili. Shule sikufika nayo mbali, lakini mwalimu alinifundisha kitu kimoja: kwamba mawazo yangu yanaanzia mdomoni, kwa hiyo niongee kwanza, halafu niandike nilichoongea. Basi nimeongea kwenye simu ya binti yangu, nikajisikiliza, nikaandika. Mahali mtakapoona nimezunguka, hapo nilikuwa nageuza sufuria.

Alikuja kutoka Endagikot akiwa kijana mwembamba, na baridi ya kwao bado iko mashavuni. Mtu wa mpangilio huyo, mnisikie. Chaki zake alizipanga kwa urefu. Makande alikula maharage kwanza yote, halafu ndiyo anahamia kwenye mahindi, na sisi jikoni tunamchungulia dirishani tunacheka mpaka tunashikana. Hata mkewe, Kornelia, siku alipokuja mara ya kwanza kama bibi harusi, alituambia huyu mwanaume viatu vyake vinalala vimetazama mlango.

Na insha ni hivyo hivyo. Ubaoni anaandika mwanzo, kati, mwisho. Kila mtoto aorodheshe hoja tano kabla hajaanza sentensi hata moja. Wapo watoto waliopenda hiyo njia, wakaandika vizuri. Wengine walikaa wanatafuna kalamu mpaka kengele inagonga na karatasi iko nyeupe. Mwalimu aliumia. Hakuwa mtu wa viboko, lakini alikuwa anakuja kunywa chai hana raha, anasema hawa si wajinga, mbona nje wanaongea vizuri, mbona humu ndani wananyamaza?

Sasa mwaka 2008 akapelekwa semina Babati. Huko wakaambiwa habari za ubongo. Alirudi anang'aa kama mtu aliyeoa tena. Hata nyumbani hakupita, alikuja moja kwa moja jikoni, akachukua kabeji ya watoto, akaikata katikati na kisu changu. Akasema ubongo wa mtu ndiyo huu. Nusu ya kushoto inapenda mpangilio, hesabu, hatua kwa hatua. Nusu ya kulia inapenda picha, nyimbo, mambo ya kubuni. Kila mtu ana nusu inayomtawala. Kumbe wale watafuna kalamu hawakuwa wavivu, walikuwa wa kulia, na yeye alikuwa anawafundisha kama wa kushoto. Machozi yalimlengalenga, jamani, mbele ya kabeji.

Tatizo la mtu wa mpangilio ni kwamba ukimpa jambo jipya analipanga. Asubuhi yake alichora mstari wa chaki sakafuni darasa la sita, kuanzia ubaoni mpaka mlangoni. Watoto wa kushoto huku, watoto wa kulia huku. Wa kushoto wakapewa hoja, wa kulia wakapewa penseli za rangi na wimbo. Kwa siku mbili tatu lilikuwa darasa la furaha. Halafu wa kulia wakakataa hesabu, wanasema mwalimu ametuambia sisi si wa huko. Wa kushoto wakakataa kuchora, na mmoja akakataa kuimba hata kanisani.

Na palikuwa na mtoto mmoja, Perpetua, binti wa mzee Bura. Huyo alisimama mlangoni na begi lake, hakwenda huku wala huku. Akamwambia mwalimu, kwa adabu tu, "Mimi naanza na picha, halafu nahesabu. Nikae wapi?"

Mwalimu akamwambia akae kulia kwa muda, mpaka wajue. Perpetua akavuta dawati lake akaliweka juu ya mstari, akakaa hapo. Mwalimu akamwacha, lakini alipokuja kula, maharage aliyala yamechanganyika na mahindi. Nikajua kuna jambo.

Jioni mzee Bura akaona sketi ya mtoto ina chaki nyuma. Akamuuliza umekaa wapi. Mtoto akajibu, nimekaa katikati ya ubongo.

Hapo ndipo habari ilipoota miguu. Kwa Bura ilitoka hivi: mwalimu anagawa vichwa vya watoto. Ilipofika kisimani ikawa: kuna watoto wamepimwa wakaonekana wana ubongo nusu. Ilipofika mnadani Katesh ikawa nusu nyingine imebaki Babati. Mimi hapo sikuongeza kitu, niliipokea ikiwa imeshanona.

Ukaitishwa mkutano wa wazazi. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo mkutano ukawekwa ndani, na darasa lenye nafasi lilikuwa ni hilo hilo la sita. Wazazi wakaingia wakaukuta mstari. Yaani hakuna mtu aliyekubali kukaa. Mmoja akisogelea dawati la kulia, mwenzake anamvuta koti, anamwambia huko ni kwa wenye nusu. Wakasimama wote ukutani kama wanasubiri chanjo. Mbele amekaa Mratibu Elimu Kata na kalamu yake imeshafunguliwa, maana wazazi walikuwa wamesema neno moja tu: huyu mwalimu hatumtaki, ahamishwe. Na mratibu alisema wazi, wakikataa leo, yeye anaandika leo, na mwalimu anafungasha wiki hiyo hiyo. Kornelia ana mtoto mgongoni na mbaazi zao shambani ndiyo kwanza zinachanua. Alisimama dirishani kwa nje, kwenye mvua, akitega sikio. Nilimpa khanga yangu ajifunike.

Mzee Bura ndiye aliyeanza. Ni mtu anayeheshimika, akiomba baraka kwenye shughuli watu wanamwitikia mpaka nyumba inatikisika. Alisema taratibu, "Mwalimu, mtoto nilikuletea na kichwa kizima. Sasa nasikia umekigawa."

Ukuta wote ukaitikia.

Rukia mwenye duka akadakia, kwamba mwanawe kawekwa upande wa kuimba, sasa dukani nani atahesabu, au wateja wataimbiwa bei? Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mwalimu akasimama na karatasi yake. Hoja tano, kama kawaida yake. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Wazazi wakaanza kuongea wao kwa wao habari za mbegu. Nilimwona anatazama ile karatasi, anatazama ule ukuta wa watu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alijua mtoto anayetafuna kalamu anajisikiaje. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Halafu akamgeukia Bura.

"Mzee, mimi Dirma sijawahi kufika. Ukinielekeza, napitaje?"

Watu wakashangaa, lakini mzee kuulizwa njia hawezi kukataa, ni aibu. Bura akasogea mbele, akainamisha fimbo yake sakafuni, akaanza kuchora kwa matope ya viatu vyetu. Hapa ni shule. Hapa unashuka. Korongo la kwanza, la pili, la tatu usilivuke, fuata ukingo. Hapa ndipo dume la marehemu baba yake lilipovunjika mguu, akatusimulia na hilo dume. Fimbo inakwenda inarudi, na ule mstari wa chaki ameshauvuka hata hajauona.

Rukia akashindwa kuvumilia. "Mzee, kwa hilo dume lako mwalimu atalala njiani. Mwalimu, shika: mashine ya kusaga, kanisa, pampu ya maji, kushoto. Basi." Agustino, dereva wa bodaboda, akasema yeye kuelekeza hawezi, njia anaijua mikono yake, mwalimu apande tu nyuma. Mimi nilikuwa nimeingia na birika, nikasema mbona kazi rahisi, unaondoka tu na unauliza watu. Wakaanza kubishana nani atampoteza mwalimu, wakaitana majina, mtu akamnyang'anya Bura fimbo ili amsahihishe korongo, na katika kubishana wakajikuta wote wamekaa. Madawati yale yale. Wa kulia, wa kushoto, wala hakuna aliyeangalia.

Bura ndiye aliyeshtuka kwanza, mtu ana akili. Akauliza, "Sasa mwalimu, mimi ni upande gani?"

Mwalimu Isidori akamjibu mbele ya mratibu, mbele ya watu wote, na walimu wa siku zile hawakuwa na tabia ya kusema maneno kama haya mbele ya wazazi.

"Mzee, umechora, umehesabu makorongo, na umetusimulia dume. Upande wako siujui. Nimekosea mimi, na binti yako aliniambia, sikumsikia. Kichwa chake ni kizima. Nakurudishia kama ulivyoniletea."

Mzee Bura akatazama chini. Mstari haukuwepo. Ulikuwa umefutika na njia ya Dirma. Akasema, kwa sauti ile yake ya baraka, kwamba mtoto ataendelea kuja, na mwalimu akae. Ukuta ukaitikia, ingawa sasa ulikuwa umekaa. Mratibu akafunga kalamu. Nilipotoka nje Kornelia alikuwa ameshaondoka na khanga yangu, anakimbia kwenda kupika, na khanga hiyo mpaka leo sijaiona, mnikumbushe kabla hamjapakia mizigo.

Tangu siku hiyo vipindi vyake vya insha vikawa jinsi mlivyovizoea. Mwanzoni kila mtoto anaanza anavyoanza. Anayechora achore. Anayeongea amwongelee mwenzake, na mwenzake amwitikie kama wanavyomwitikia Bura. Anayetaka hoja aorodheshe. Wapo wanaozunguka tangi la maji kwanza, wanarudi na sentensi. Halafu wanabadilishana: mchoraji ahesabu hoja, mwenye hoja achore. Na mwalimu naye anachora, maana alisema sheria ni ya wote. Ng'ombe wake anafanana na benchi. Miaka yote hiyo hajapata nafuu.

Jikoni alirudi akanieleza upya, safari hii bila kabeji. Akasema zile pande mbili za ubongo ni kama maksai wawili wa jembe moja. Mmoja anaweza kuwa na nguvu kuliko mwenzake, sawa, lakini ukimfungua mmoja, jembe linazunguka pale pale. Mtu anapofikiri au kuandika wanavuta wote. Kazi ya mwalimu ni kujua mtoto anapenda kuanzia wapi, si kumfungia hapo. Nikamuuliza mbona Babati hawakusema hivyo. Akasema labda walisema, ila yeye alikuwa anaandika hoja.

Walimu wa shule nyingine wamekuja kumtazama, hadi wa Dongobesh. Aliitwa ofisini mjini mara mbili akakataa, anasema ofisini hakuna makande. Watoto wake wa insha wako kila mahali, na si wote wanaandika. Perpetua ana cherehani zake Katesh. Anamtazama mtu, anaiona nguo nzima kichwani, ndipo anachukua futi kamba na kuhesabu. Suti aliyovaa mwalimu leo ameishona yeye, mtazameni mabega yalivyokaa. Alipokwenda kupimwa, mwalimu alimuuliza asimame wapi. Perpetua akamwambia simama katikati.

Sasa, Mwalimu, hili la mwisho nakuambia wewe mwenyewe. Unarudi Endagikot kwenye vitunguu swaumu vyako, na najua unaogopa, ingawa umemwachia Kornelia ndiye aseme. Umekaa huku mpaka kule kwenu wameshakusahau sura. Umeandika nyuma ya karatasi hii maelekezo ya kufika kwako, namba moja hadi namba tisa. Tumeyasoma. Mimi nilipotea namba tatu. Pembeni yake Perpetua amechora ramani, na mzee Bura, kwa uzee wake, ameomba korongo liongezwe hapo. Rukia amekariri majina ya vituo. Agustino siku hizi ana gari, amesema mikono yake itajua. Mimi nitauliza watu.

Tunakushukuru kwa kila mtoto uliyemsubiri aanze. Ukae salama, mgongo usikusumbue, baridi ya kwenu ikuonee huruma. Mwambie tu Kornelia abandike sufuria kubwa na asiwahi kuipua, maana tutakuja wote, ila hatutafika kwa wakati mmoja.