Sisi Tunahama, Kadi Zinabaki

Yunia alisimama mbele ya mkurugenzi mpya wa kampuni, karatasi mkononi. Omariba, mwenyekiti wa wachuna chai, alikuwa amemwonya asubuhi: "Soma vile tumeandika tu, mama. Usiongeze kitu."

"Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa Kambi Juu tunakukaribisha kwetu, pamoja na mvua na matope yake.

TULIKOTOKA
Wazee wetu walilala nyumba za udongo. Leo tuna nyumba za mawe na taa za stima.

MAFANIKIO
Idara zote sasa zina kompyuta. Ofisi ya shamba inatujua kwa namba ya kikapu, ofisi ya mishahara kwa kitambulisho, dispensari kwa namba ya nyumba."

Watu wakapiga makofi. Makofi ya nini jamani? Yunia alitamani kuyaruka hayo yote afike chini.

"CHANGAMOTO
Kompyuta hizo hazisalimiani. Idara ya nyumba ikituhamisha, dispensari haiambiwi. Sisi tunaondoka, kadi ya matibabu inabaki na nyumba. Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja alibebwa hadi dispensari kwa homa, hajijui. Kadi iliyofunguliwa ilikuwa ya Nyaberi, aliyeishi katika nyumba hiyo kabla yake. Mwenzetu akadungwa penisilini, ambayo mwili wake huikataa kabisa. Aliponea chupuchupu. Muuguzi hatumlaumu, alisoma alichoonyeshwa.

MAOMBI
Tunaomba kila mfanyakazi awe na namba moja idara zote, na akihamishwa, dispensari ijue siku hiyo hiyo."

Zilibaki baraka tu. Mkurugenzi alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, macho kwenye simu. Yunia akaikunja karatasi. Alikuwa amechoka kuitwa mwenzetu mmoja.

"Mgeni rasmi, huyo mtu ni mimi. Jumamosi nyumba zinapakwa rangi, tunahamishwa tena. Mimi naingia nyumba anayotoka Omariba. Nikibebwa tena nikiwa siwezi kuongea, mtanijua aje?"

Yunia alingoja kukemewa. Badala yake Omariba akasimama, kofia mkononi.

"Na kadi ya hiyo nyumba ni yangu," alisema. "Mimi niko na sukari. Watamtibu sukari yangu."

Mkurugenzi akaweka simu mezani.

"Malizia, mama," Omariba akasema.

"Mungu akufikishe salama, mgeni wetu, na atufikishe sisi Jumapili. Ni sisi, Wachuna Chai wa Kambi Juu."