Marehemu Doreen Barraclough, Aliyewaonyesha Watu Makaburi ya Wazee Wao

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Mei 1936, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba namba 17 ya mtaa wa Silk Row, jijini Bradford, palikuwa na watu saba ndani ya vyumba viwili: baba, mama, bibi mzaa baba na watoto wanne. Ilipotimia saa kumi na mbili walikuwa wanane. Huyo wa nane ndiye marehemu dada yetu Doreen, mtoto wa tano wa Bwana Herbert Illingworth, mchambuzi wa sufu, na Bibi Clara. Wa sita na wa mwisho, Norman, ndiye anayeusoma wasifu huu.

Alianza shule mwaka 1941, wakati wa vita, watoto walipokuwa wakibeba vinyago vya kujikinga na gesi pamoja na madaftari yao. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba mwalimu alimkabidhi kazi ya kuandika majina ya darasa zima katika daftari la mahudhurio. Aliacha shule mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, kama walivyoacha wasichana wote wa mtaa ule.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha vitambaa vya sufu, sehemu ya kurekebisha kasoro. Aliketi dirishani, akapitisha ncha za vidole juu ya kitambaa, na kila alipogusa uzi uliokatika aliushona upya kwa sindano, hata aliyekifuma asipajue mahali penyewe. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na minane, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1979.

Tarehe 6 Septemba 1958 alifunga ndoa na Bwana Stanley Barraclough, dereva wa mabasi ya umeme ya jiji. Tarehe 7 Februari 1961 alijifungua hospitalini mtoto wa kike aliyezaliwa mfu. Muuguzi alimfunga mtoto katika taulo na kumtoa chumbani kabla mama hajamwona. Stanley aliletewa karatasi, akaitia sahihi bila kuisoma. Doreen alipouliza mtoto amepelekwa wapi, mumewe alimjibu, “Wameshamaliza kila kitu, mke wangu. Wamesema usiulize, utajiumiza bure.” Kwa miaka thelathini na minane aliamini kwamba watoto wa namna ile walichomwa palepale hospitalini, na kwamba hapakuwa na kaburi. Hakupata mtoto mwingine. Stanley alifariki mwaka 1996; hakuwa na la kuficha, kwa maana hakujua lolote.

Kiwanda kilipofungwa, Doreen alikwenda maktaba kumtafuta babu yetu mzaa mama katika kumbukumbu za zamani, akamkuta, na hakurudi tena nyumbani mapema siku za Jumatano. Mwaka 1981 aliunda kikundi cha watu kumi na wanne, wengi wao wastaafu, kilichokutana kila Jumatano kwa chai na keki ya tangawizi ili kuwasaidia watu kufuata nasaba zao. Wenzake walimwita mwalimu mkuu, naye hakukataa. Bwana mmoja alifika kutoka Leeds akiwa na hakika kwamba ukoo wake ulitoka kwa lodi, kabaila mwenye cheo. Doreen alipekua kwa wiki tatu, kisha akamwambia, “Bwana mkubwa, lodi hatukumwona. Tumemwona babu yako mwaka 1838, amefungwa kwa kuiba kondoo wawili. Shukuru Mungu. Mwizi huandikwa kila kitu, mpaka urefu wa pua. Angekuwa mtu mwema tusingempata.” Bwana yule alicheka, akarudi Jumatano iliyofuata na keki.

Kazi yake kubwa ilikuwa kunakili vitabu vya mazishi vya makaburi ya Hollin Brow, juu ya kilima, vilivyokuwa vikioza katika ghala la chini la ofisi ya makaburi. Kikundi kilianza mwaka 1982 na kumaliza mwaka 1986: majina 23,116, yakiwa yamepangwa kwa alfabeti, kila moja na tarehe yake na namba ya kaburi. Kila mtu alipewa vitabu vyake. Bwana Clifford Murgatroyd, aliyekuwa tarishi wa posta, alipewa vile vya miaka ya hamsini na sitini. Katika wiki ya kwanza aligundua kwamba pembeni mwa kurasa palikuwa na mistari ya wino mwekundu isiyo na majina: tarehe, namba ya kaburi, na maneno “mtoto, hospitali”. Aliuliza afanye nini nayo.

“Waruke,” Doreen alimwambia. “Asiye na jina nitamweka kwenye herufi gani? Na nani atakuja kumtafuta?”

Ilikuwa kanuni ya busara kwa kazi ile, na wote waliifuata.

Februari 1987 bomba lilipasuka kwa baridi katika ghala lile, na vitabu vikalowa. Karani wa ofisi ya makaburi alimpigia Doreen simu kuuliza kama nakala ya kikundi ilikuwa imekamilika. Doreen alijibu kwamba imekamilika, hakuna jina hata moja lililosahaulika. Kwa sababu ya jibu hilo vitabu vilitupwa.

Mwezi Oktoba 1999 alifika kwenye meza ya Jumatano mama mmoja wa miaka sabini, akimtafuta mwanawe wa kiume aliyezaliwa mfu mwaka 1954. Doreen alimshika mkono na kumweleza kwa upole kwamba watoto hao hawakuzikwa. Mama yule akatoa barua ya mzishi mmoja wa zamani, mtu wa kupeleka maiti makaburini, iliyosema kwamba mwanawe alipelekwa Hollin Brow. Doreen aliisoma mara mbili, akaomba anwani.

Kesho yake alimkuta mwana wa mzishi huyo, ambaye alikuwa bado ametunza madaftari ya kazi ya baba yake. Walilifungua la mwaka 1961. Palikuwa pameandikwa: “9 Februari. Barraclough, mtoto wa kike. Sanduku dogo. Hollin Brow.” Namba ya kaburi haikuwapo, kwa kuwa wachimbaji ndio waliojua ni kaburi gani la mtu mzima lililo wazi la kumtia mtoto, na wao waliiandika katika kitabu cha makaburi, pembeni, kwa wino mwekundu. Mwana wa mzishi aliongeza kwamba masanduku hayo yaliweza kusubiri kaburi hata wiki tatu.

Kwa kutumia nakala yake mwenyewe, Doreen alihesabu waliozikwa Hollin Brow katika wiki hizo tatu. Walikuwa watu wazima sitini na watatu. Kwa miaka kumi na minne alifuata nasaba za wageni hao sitini na watatu, mmoja baada ya mwingine, akawaandikia wajukuu zao mpaka Hull, Toronto na Perth, akiuliza kama kuna aliyeona sanduku dogo siku ya mazishi. Wengi walijibu kwa heshima kwamba hawakuona kitu. Wanne walikumbuka sanduku. Lakini daftari la mzishi lilionyesha watoto watano katika wiki hizohizo, na hakuna aliyeweza kusema yupi alikuwa yupi. Kina mama wengine walizidi kuja siku za Jumatano. Aliwapokea wote, na kila mmoja alimweleza kanuni ile ilitungwa na nani.

Mwaka 2013 macho yake yalianza kupotea, na Machi 2017 moyo ukadhoofika. Aliomba mara mbili azikwe Hollin Brow, popote pale, akajibiwa kwamba makaburi yale yalifungwa mwaka 1974. Wiki ya mwisho, Bwana Clifford, mwenye umri wa miaka themanini na minane, alikwenda kumwona wodini.

“Kitabu cha mwaka sitini na moja kilipita mikononi mwako, Clifford,” Doreen alisema. “Hukumbuki hata mstari mmoja?”

Clifford akajibu, “Sikuwa nawasoma, Doreen. Ulisema niwaruke.”

“Nilisema,” dada akajibu, akageukia ukutani.

Alifariki Jumanne, tarehe 21 Novemba 2017, saa nane na robo mchana. Leo tunamzika hapa Thorn Lane, kando ya Stanley, maili sita kutoka Hollin Brow. Mungu ampe usingizi ambao sisi hatukuweza kumpa.

Ameacha mdogo wake, Norman, wifi mmoja, Bibi Maud, wapwa watatu, na Bwana Clifford Murgatroyd, ambaye sasa ndiye pekee aliyebaki katika kikundi cha Jumatano. Jumla yao ni watu sita.