Mtu Aliyekatazwa Kukwepa

Joanitha, rudisha huo mlango kuku wasiingie, kisha sogeeni nyote mahali ninapowaona midomo, kwa sababu sauti niliyobaki nayo haitoshi kurudia jambo mara mbili. Lameck, kaa hapo miguuni. Edgar, wewe kaa dirishani, mbali na kaka yako, maana sitaki mshikane mashati nikiwa bado navuta pumzi. Adelard, mwenyekiti wetu wa kitongoji, baki hapo mlangoni, wewe ni shahidi na kazi ya shahidi ni kusikia, si kupatanisha watu. Celestin, mkwe wangu, vuta kigoda uje hapa kichwani, karibu na mkono wangu wa kulia. Sasa sikilizeni wanangu, mimi Byarugaba naongea na akili zangu zote. Manesi wa hospitali ya Nyakahanga wamenirudisha nyumbani kwa upole mwingi mno, na mzee akifanyiwa upole wa namna ile anajua anaambiwa nini.

Nimerudi nimekuta nini? Sijatoka hata wodini, Lameck ukapanda miche ya omuramura, mti wetu wa mpaka, katikati ya kibanja changu, mstari mzima, kutoka kwenye mibuni ya juu hadi kwenye kaburi la mama yenu Mackrine, ili upande wenye makaburi uwe wako. Nawe Edgar ukaja na panga ukaing'oa miche yote ukairundika barabarani, watu wa Kaisho wanapita na bodaboda, wanapunguza mwendo, wanaangalia. Mmegawana shamba la mtu aliye hai. Nilipoletewa habari hiyo nilicheka mpaka kifua kikaniuma na nesi akaja mbio, kwa sababu mimi nilijua mnapigania nini, na si migomba wala kahawa.

Mnapigania neno langu. Siku Edgar aliporudi kutoka Mwanza na ule mkanda wa ubingwa kiunoni, nilisema kilabuni, mbele ya watu, rubisi mkononi, kwamba musika wangu, yule atakayerithi kibanja hiki na kulinda makaburi, hatakuwa mkubwa wa kuzaliwa, atakuwa mkubwa wa ngumi. Tangu siku ile hamjala sahani moja. Wake zenu hawaazimani hata chumvi. Na Kaisho nzima imepata kazi ya kufanya jioni: Lameck au Edgar, uzito wa juu au uzito wa unyoya, ngumi za zamani au ngumi za sasa. Nami nilikuwa nakaa pembeni nasikiliza, na sitawaficha, nilikuwa naona raha.

Lameck, usikunje uso, nianze na wewe. Wewe ulikuwa mkubwa, basi. Enzi zako, Karagwe nzima, kabla Kyerwa haijakatwa ikawa wilaya, wanaume wa uzito wa juu walikuwa mchinjaji mmoja, wapakiaji wa magunia, na yule fundi baiskeli aliyekuwa anahema kabla hata kengele haijalia. Hao ndio uliowaangusha, na watu wakaimba. Tulikupima kwenye mizani ya kahawa, ukaning'inia kwa mikono miwili pale ghalani, na karani akasema huyu akikobolewa maganda atabaki nusu. Kila mtu alicheka, nami nikacheka, ingawa ulikuwa unaniangalia. Karani alisema kweli. Ngumi yako ilikuwa nzito, lakini ilikuwa inatoka nyumbani asubuhi na kufika jioni.

Edgar, acha kutabasamu, zamu yako imefika. Nyie wa enzi hizi mmejifunzia ngumi kwenye simu, mnajua kutikisa mabega na kupiga picha mkiwa mmevua mashati. Wepesi unao, sikatai, hata mimi macho yangu yalikuwa yanachelewa kuuona mkono wako wa kushoto. Lakini ule mkanda wa Mwanza uliupata kwa pointi, umekimbia ulingo mzima kama mtu aliyechokoza nyuki, mwenzako anakutafuta, unamgusa, unakimbia, unamgusa. Mama yako alikuwa hai bado, akaniuliza, mbona mtoto anamkimbia yule kaka, amemkosea nini? Nikamwambia huo ndio ubingwa wa siku hizi, mama Lameck, uzoee tu.

Na mimi nilikuwa uzito wa kati, kule kambini jeshini nilikocheza ngumi mpaka pua ikahama, hakuna mkanda, hakuna picha, ukishinda unapewa sabuni. Basi pale kilabuni wakawa wanaumiza vichwa kutulinganisha sote watatu. Wapo waliosema haiwezekani, kila bondia ni wa wakati wake, glovu si zile zile, raundi si zile zile, hata chakula si kile kile. Wapo waliosema mpe Edgar kilo za Lameck uone. Upuuzi. Ukimpa Edgar kilo za Lameck huna tena Edgar, una Lameck mwenye kelele. Hata wale mabingwa wakubwa wa Marekani, ambao watu wanawabishania mpaka wanapasuliana chupa, yule wa uzito wa juu wa zamani na huyu mdogo wa juzi, hakuna anayejua, kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyewahi kupigwa na wote wawili akabaki na meno ya kutoa ushahidi.

Lakini mimi ninaye. Ameketi hapa.

Adelard, wewe ulihamia huku baadaye, hujui. Huyu Celestin alikuja hapa kijana kutoka Bugomora, wazazi wake watu waliotoka Rwanda zamani, akamtaka Joanitha, binti yangu. Ng'ombe hana, shamba la kwao dogo. Nikamwambia ng'ombe zako sizihitaji hata kama ungekuwa nazo. Nina kijana wa uzito wa juu anayepiga mgomba kila asubuhi, na mgomba haumfundishi chochote. Utavaa glovu. Utasimama mbele yake msimu mzima wa kahawa, na sharti langu ni moja, usikwepe. Mtu akikwepa, mpigaji hajui amepiga nini. Mama yake, Nyiransabimana, alikuja kwa miguu kuniomba, akapiga magoti pale kwenye jamvi la kuanikia kahawa, akasema baba, mwanangu ni mwembamba. Nikamjibu, kila mtu anapigwa na kilo zake. Alirudi kwao bila kunywa maji.

Akasimama, msimu mzima. Nikampa Joanitha, sikuvunja ahadi. Na Edgar alipokua, miaka imepita, Celestin ana watoto tayari, nikamwita tena. Angeweza kukataa. Alikuja, akavaa glovu zile zile, akasimama pale pale, na huyu Edgar akamchezea kama ngoma. Damu ikitoka puani Joanitha anamfuta kwa khanga, kisha anaingia jikoni kunipikia. Sijawahi kumsikia mkwe wangu akilia, na sijawahi kuona ngumi imemkalisha chini.

Kwetu mti wa kupanda mpakani tunauita omuramura, na mtu anayewaamulia wanaopigana, anayesema huyu ameshinda na huyu ameshindwa, kazi yake tunaiita kuramura. Ni neno lile lile. Lameck, ulihangaika kupanda miti shambani, na omuramura wangu nilimpanda zamani, ana miguu miwili. Nimemuuliza mara nyingi, Celestin, kati ya hawa wawili nani alikuumiza zaidi? Hajibu. Anatazama mbele. Nikamwita jeuri, nikasema ndivyo walivyo hawa wa kutoka Rwanda, wana siri. Leo hakuna siri tena. Celestin, sema jina moja tu, na yule utakayemtaja ndiye musika, Adelard anasikia. Sema.

Mnamwona? Anatazama mbele vile vile.

Joanitha, maji. Kidogo. Na mbona unainama upande ule wa pili kumnong'oneza mumeo? Nimeongea naye mimi, si wewe. Unamrudia ninachosema? Kwa nini umrudie, niko hapa sikioni kwake. Nini? Halisikii? Sikio hili la upande wangu? La kushoto lote? Tangu lini mtu ana sikio limekufa ndani ya nyumba yangu nami sijaambiwa?

Ngojeni. Hebu ngojeni, nyamazeni nyote. La kushoto.

Mnaona sasa? Huyu mtu alikuwa amebeba jibu kichwani miaka yote hii, nami nalitafuta mdomoni. Edgar, wewe ni mashoto. Ngumi yako kubwa ni ya kushoto, na ya kushoto inatua upande wa kulia wa mwenzako. Lameck mkono wake ni wa kulia. Wa kulia unaua sikio la kushoto. Basi imekwisha. Lameck, inuka, wewe ndiye, licha ya maganda yako. Kumbe uliwahi kupiga ngumi moja ya kweli, na hakuna aliyeiona, hata wewe mwenyewe. Edgar, usibishe, sikio halina upendeleo, nenda karudishe miche ya watu ulikoitoa.

Unasemaje, Joanitha? Paza sauti. Si Lameck?

Sema tena.

Anasema si Lameck. Adelard, umesikia? Anasema lilikuwa limeshakufa kabla glovu hazijavaliwa. Ni siku ya kwanza, siku aliyokuja kujitambulisha, alinisalimia shikamoo akiwa amesimama, kofia kichwani, ameshika baiskeli yake kama mtu anayeuliza njia. Naikumbuka siku hiyo. Nilimpiga kofi. Moja tu. Kofia ilikwenda ikaanguka kwenye mibuni, na yeye akaisimamisha vizuri baiskeli, ndipo akapiga magoti akanisalimia upya. Nikasema huyu anafundishika.

Kwa hiyo ni mimi.

Msinitazame hivyo. Mliniuliza swali la kilabuni miaka yote, na jibu hilo hapo. Uzito wa kati, kiganja wazi, hakuna glovu, hakuna kengele, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu njiani, nimewashinda wote wawili, Lameck na kilo zake, Edgar na mkanda wake. Ninyi mlikuwa mnampiga mtu ambaye kazi yake nilishaimaliza. Kama niliona raha kilabuni, leo ninayo zaidi. Ingekuwa nina nguvu ningeomba rubisi.

Joanitha, nimesema usinitazame hivyo.

Basi tufunge. Pumzi inakatika. Niliapa kibanja ni cha mkubwa wa ngumi, na mkubwa ni mimi, nami naingia ndani yake karibuni, nitalazwa kando ya Mackrine, upande wa mibuni. Neno langu limetimia. Kinachobaki juu ya ardhi nampa ninayemtaka. Nampa Celestin, na Joanitha, na watoto wao. Si kwa sababu ya uji uliokuwa unanilisha, Joanitha mwanangu, uji hata jirani angenipa. Ni kwamba amepigwa na watu watatu, wa kilo tatu tofauti, wa enzi tatu, na hakuna aliyemkalisha chini. Kule kambini, kengele ikilia, tulikuwa tunaangalia nani amesimama. Hayo mengine ni ya kilabuni.

Lameck, Edgar, mna mashamba yenu niliyowapa mlipooa, kaeni huko. Mkitaka kumlilia mama yenu kaburini, mtapiga hodi kwa huyu mliyempiga, mtamsalimia vizuri, mtaongea upande wa kulia mpaka awasikie. Hicho ndicho ninachowaachia. Ukoo utasema ni mtu wa kuja, hatujawahi kumpa mkwe makaburi. Adelard, waambie Byarugaba alisema hivyo, na asiyeridhika anifuate nilipokwenda tubishane huko. Siku ya kunizika hotuba sitaki. Zile glovu zimo kwenye debe, uvunguni. Zichomeni kabla mjukuu yeyote hajazivaa.

Sasa niinueni. Mto. Hivyo hivyo.

Celestin... usimwambie kitu, Joanitha, usimnong'oneze, ataona mwenyewe. Mkwe wangu. Musika wangu. Huu mkono niunyanyue... mzito, hee, umekuwa wa Lameck huu... njoo nikuwekee kichwani, nikubariki kama baba...

Umekwepa.

Celestin. Umekwepa.

Msimu mzima nilikukataza, na hukukwepa hata mara moja. Wa Lameck hukuukwepa. Wa Edgar hukuukwepa. Leo nakuja na baraka, mkono wenyewe hauna hata nguvu ya kufukuza nzi, na wewe... kichwa chini... bega juu...

Hapana, mwache. Msimcheke. Edgar, nimesema msimcheke. Amefanya sawasawa.

Nitasema tu kwa mdomo, basi. Mungu aliyenipa kibanja hiki akipe watu watakaokipenda. Migomba ijae mikungu, mibuni isipate ugonjwa. Moshi wa nyumba hii usikatike. Na wajukuu wangu... wajukuu wangu wakue na masikio yao yote mawili.

Sioni vizuri. Kuna giza au ni mimi?

Joanitha. Uko wapi, mama. Ushike huu mkono wangu, umpelekee wewe. Kichwani. Polepole... pitisha mbele ya macho yake kwanza... auone unakuja.