Mlango wa Mama Valeria

Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa nilipanda lori la korosho kutoka Newala kwenda Masasi. Juu ya magunia alikuwapo Mama Valeria, amekalia mlango wa mbao. Kijana mmoja mwenye shanta mgongoni, mwalimu Rogath kutoka Moshi, alimwamkia.

"Marahaba. Una msiba, baba?"

"Sina, mama. Ni likizo, natembea tu kwa miguu. Jana niliuona mto Ruvuma."

"Unamtembelea nani?"

"Simjui mtu huku."

Mama alinikazia macho, utadhani mimi ndimi niliyemzaa kijana huyo. "Ng'ambo kuna vita, na huyu anatembea tu!"

"Leo nitalala Namchili," alisema Rogath.

"Namchili ni kwetu. Hakuna mtu. Tumehamishwa wote."

"Lakini kwenye ramani ipo." Akaifunua, akamwonyesha kwa kidole.

Mama aliiangalia sana. "Kwa hiyo humu bado tunakaa?"

Lori lilisimama Kitangari, Rogath akaruka chini akiulizia njia.

"Nyumba yangu ni ya kwanza kulia," Mama alimpigia kelele. "Usibishe hodi, ingia tu." Akaupiga kofi ule mlango. "Huu hapa."